Elimu ya Lugha Kando ya Ziwa

Ukimwuliza mwanafunzi wa shule ya sekondari angependa kusomea nini katika chuo kikuu, aghalabu atakujibu kwamba ataka udaktari, au sheria, au uhandisi. Ni wachache watakaokuambia kwamba wanataka kusomea lugha, na wachache zaidi watakaosema kwamba wanataka kuendelea na elimu hiyo baada ya shahada ya kwanza, mpaka ile ya uzamili na ile ya uzamivu. Wengi hudhani ya kuwa lugha haina haja ya kusomewa kiasi hicho. Husema, "Kwani mtu hajifunzi kusema nyumbani kwao?"

Swali hilo si la kudharauliwa, nalo lastahili jibu. Lakini jibu lake halitoki katika majisifu ya wasomi. Latoka katika historia. Kwa hiyo nakuomba, msomaji, tufuatane kando ya Ziwa Viktoria, upande wa Kenya, tukatazame mambo yaliyotukia Kisumu, Maseno, Gendia, na katika visiwa vya Rusinga na Mfangano, kwa muda wa miaka mia na ushei. Huko tutaona kwamba mara nyingi wakubwa waliamua watoto wasomeshwe kwa lugha gani kabla ya kuzichunguza lugha zenyewe, na kwamba gharama ya uamuzi huo walitozwa watoto.

Tarehe 20 Desemba 1901 reli iliyotoka Mombasa ilifika ukingoni mwa ziwa, mahali palipoitwa Port Florence kwa muda mfupi, napo ndipo Kisumu ya leo. Mwaka uliofuata nchi hiyo, ambayo hapo awali ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda, ikatiwa katika himaya ambayo baadaye iliitwa Kenya. Gari la moshi lilileta bidhaa, lakini lilileta na lugha vile vile. Wenyeji wa ukingo ule walisema Dholuo. Upande wa kaskazini walikuwako Waluhya na lahaja zao nyingi, mashariki Wanandi, kusini Wagusii. Wafanyi biashara kutoka Bara Hindi walikuja na Kigujarati na Kipunjabi. Askari na wapagazi walitumia Kiswahili, na wakubwa wa serikali Kiingereza. Sokoni watu hawa wote waliweza kuelewana, maana haja ni mwalimu mkali. Lakini shule si soko. Mwalimu asimamapo mbele ya darasa hana budi kuchagua lugha moja ya kufundishia, na kila achaguapo moja huziacha nyingine.

Waliokuwa wa kwanza kuchagua walikuwa wamisheni. Katika mwaka 1906 mambo mawili yalianza mahali pawili. Huko Maseno, karibu na mstari wa ikweta, wamisheni wa Kanisa la Uingereza wakiongozwa na J. J. Willis walifungua shule ambayo mpaka leo yajulikana kwa jina la mahali pale. Na ng'ambo ya ghuba, katika kilima cha Gendia karibu na Kendu Bay, alifika Arthur Carscallen, Mkanada wa kanisa la Waadventista, pamoja na Peter Nyambo, Mwafrika kutoka nchi iitwayo leo Malawi. Nia ya watu hao ilikuwa dini. Hata hivyo ili wafundishe dini iliwabidi wafundishe kusoma, na ili wafundishe kusoma iliwabidi kwanza waiandike lugha ambayo ilikuwa haina maandishi. Basi wakaketi na wenyeji, wakazisikiliza sauti, wakazichagulia herufi, wakakusanya maneno na kutunga sarufi. Kwa kazi hiyo walikuwa wanafunzi, na walimu wao walikuwa vijana na wazee wa Kiluo ambao majina yao mengi hayakuandikwa popote.

Usidhani, msomaji, kwamba kuandika lugha ni jambo jepesi. Herufi za irabu tulizopewa na Warumi ni 5 tu: a, e, i, o, u. Kwa Kiswahili zatutosha kabisa, maana Kiswahili kina irabu 5. Lakini wataalamu wengi huhesabu irabu 9 katika Dholuo. Ukiacha a, kila herufi moja yachukua sauti mbili, moja nyepesi na moja nzito. Tena sauti ya neno hupanda na kushuka, na kupanda huko na kushuka kwaweza kugeuza maana, wala maandishi ya kawaida hayakionyeshi kitu hicho. Mwenye lugha hasumbuki, kwa kuwa asomapo huijaza sauti inayopasa. Mgeni ndiye apoteaye njia. Uamuzi wa kutumia herufi 5 ulirahisisha uchapaji wa vitabu, nao ukabaki mpaka leo.

Kazi hiyo ilizaa matunda makubwa. Agano Jipya la Dholuo lilitoka mwaka 1926, na Biblia nzima mwaka 1953. Gendia palipata kuwa na mtambo wa kupiga chapa. Wala vitabu havikuwa vya dini peke yake: mwaka 1938 Paul Mboya, chifu wa Karachuonyo, alitoa kitabu kikubwa juu ya mila na desturi za Waluo, alichokiandika kwa Dholuo chenyewe. Hivyo lugha iliyochaguliwa ilipata alfabeti, kitabu na wasomaji. Lugha ambayo haikuchaguliwa ilibaki midomoni tu. Litie neno hilo moyoni, maana tutalirudia.

Serikali nayo ilikuwa na shauri lake. Katika mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes, ambayo James Aggrey wa Gold Coast alikuwa mmoja wa wajumbe wake, ilizuru Kenya na nchi jirani. Ilishauri kwamba mtoto aanze masomo yake kwa lugha ya kwao, kisha aingizwe katika Kiingereza baadaye. Kwa miaka mingi ndivyo ilivyofanywa katika shule nyingi za kando ya ziwa. Lakini wazazi walikuwa na macho. Waliona kwamba Kiingereza ndicho kilichofungua mlango wa ukarani, wa ualimu na wa Makerere, wakauliza kwa nini watoto wao wacheleweshwe. Katika mwaka 1957 kituo maalumu kilianzishwa Nairobi kutengeneza masomo ya kufundisha kila kitu kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, na katika miaka iliyofuata madarasa ya namna hiyo yakaenea nchini.

Sasa tazama jambo la ajabu. Mwaka ule ule wa 1957, katika mji wa Edinburgh huko Scotland, chuo kikuu kilifungua idara ya elimu mpya kwa watu waliokwisha pata shahada. Elimu hiyo huitwa leo isimu tumizi. Isimu ni elimu inayochunguza lugha jinsi ilivyo: sauti zake, maumbo ya maneno yake, mpango wa sentensi zake. Isimu tumizi huyachukua maarifa hayo na kuyapeleka penye shida: darasani, hospitalini, mahakamani, katika kutafsiri na katika kutunga kamusi. Mwaka 1959 kituo cha elimu hiyo kikafunguliwa Washington. Na Januari 1961 wataalamu kutoka nchi za Jumuiya ya Madola walikutana Makerere kuzungumza juu ya kufundisha Kiingereza kama lugha ya pili. Hivyo elimu mpya ilizaliwa wakati ule ule ambapo nchi zetu zilikuwa karibu kujitawala na kuamua zenyewe.

Kenya ilipopata uhuru iliunda tume chini ya Profesa Simeon Ominde. Katika taarifa yake ya mwaka 1964 tume hiyo ilikubali Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza, na Kiswahili kifundishwe kwa lazima. Lugha za nyumbani zikaachiwa nafasi ndogo ya hadithi. Halafu mwaka 1976 tume nyingine, iliyoongozwa na Peter Gachathi, ilishauri kwamba katika miaka 3 ya kwanza mtoto afundishwe kwa lugha inayotumika mahali shule ilipo. Kwa muda wa miaka 12 tu, nchi moja ilipewa mashauri mawili yanayopingana juu ya mtoto yule yule!

Nani alikuwa na haki? Kila upande ulikuwa na hoja. Waliotaka Kiingereza waliogopa mtoto kubadilishiwa lugha katikati ya safari, na waliogopa ukabila. Waliotaka lugha ya nyumbani walisema kwamba mtoto hawezi kujifunza kusoma na kujifunza lugha ngeni kwa wakati mmoja bila kuelemewa. Mabishano ya namna hii hayamalizwi kwa sauti kubwa. Yahitaji mtu wa kwenda darasani, kusikiliza, kuhesabu, kupima na kulinganisha. Mtu huyo ndiye mwanafunzi wa isimu tumizi.

Kazi ya kupima ilikuwa imekwisha anza katika miaka ya mwisho ya 1960. Kwa msaada wa Shirika la Ford, uchunguzi mkubwa ulifanywa juu ya matumizi ya lugha na mafundisho yake katika nchi 5: Kenya, Uganda, Tanzania, Ethiopia na Zambia. Kitabu cha Kenya kilihaririwa na Mwingereza W. H. Whiteley, mtaalamu wa Kiswahili na lugha za Kibantu. Yeye alifariki mwaka 1972, na kitabu kikatoka mwaka 1974. Hata hivyo faida kubwa kuliko vitabu ilikuwa watu. Chuo Kikuu cha Nairobi, kilichosimama peke yake tangu 1970, kilianza kuwalea wataalamu wa isimu wa Kenya hii hii. Profesa Mohamed Hassan Abdulaziz alikuwa mmoja wa walioongoza mafundisho hayo. Tangu hapo haikuwa lazima tena mgeni aje kutueleza tusemavyo.

Mmoja wa wataalamu hao alikuwa Duncan Okoth Okombo, ambaye kitabu chake juu ya maumbo na sauti za Dholuo kilichapishwa mwaka 1982. Ili uone utamu wa elimu hiyo, chukua mfano mmoja. Kwa Dholuo mlima ni *got*, na milima ni *gode*. Sauti t imegeuka d. Ungefikiri basi kwamba huo ndio mtindo wa wingi: t huwa d. Lakini jiwe ni *kidi*, na mawe ni *kite*. Hapa d imegeuka t! Yaani sauti kavu yageuka kuwa ya mvumo, na ya mvumo yageuka kuwa kavu, kana kwamba zimepeana zamu. Mtoto wa Kiluo wa miaka mitano hufanya hivyo bila kukosea, wala hajui kwamba wataalamu wa Ulaya na Marekani wameandika kurasa nyingi wakijaribu kueleza mabadiliko hayo. Basi aulizaye kama lugha yetu inayo mambo ya kustahili shahada, na amtazame mtoto huyo.

Lakini kuna faida gani darasani? Faida ni hii. Dholuo haina sauti ya sh wala ya z. Mtoto aliyelelewa kwa Dholuo aingiapo shuleni, atasema "samba" badala ya shamba, na "sule" badala ya shule. Mwalimu asiyejua atamcheka, au atamwona mzito wa akili, na darasa zima litacheka pamoja naye. Mtoto aliyechekwa hufunga mdomo, na aliyefunga mdomo hajifunzi. Mwalimu aliyesoma isimu tumizi anajua kwamba kosa hilo si la akili. Ni sikio na ulimi vilivyozoea mpango mwingine wa sauti. Atamsikilizisha maneno mawili mawili, kama *saka* na *shaka*, *sindano* na *shindano*, mpaka sikio lizipambanue, na ulimi utafuata. Anajua pia kwamba Kiswahili chenye ngeli nyingi kitamsumbua mtoto yule kuliko mwenzake Mluhya au Mgusii, ambaye lugha yake ni ya Kibantu na ina ngeli zake. Kwa hiyo hatawafundisha wote kwa kipimo kimoja. Sisi tunaowafundisha walimu twaona kila mwaka kwamba maarifa haya machache yaweza kumbadilisha mwalimu, na kwa mwalimu mmoja wakabadilika watoto mia.

Sasa turudi kwenye neno lile nililokuomba ulitie moyoni, juu ya lugha isiyochaguliwa. Katika visiwa vya Rusinga na Mfangano, na katika nchi kavu inayovitazama, wanakaa Wasuba. Mapokeo yao yasema kwamba babu zao walivuka ziwa kutoka pande za Uganda katika karne ya 18. Lugha yao ni ya Kibantu, wala haina udugu na Dholuo. Walikaa na Waluo kwa ujirani, wakauziana samaki na nafaka, wakaoana. Mwanamke wa Kiluo aliyeolewa kisiwani aliwalea watoto wake kwa Dholuo, kama ilivyo kawaida ya mama yeyote. Pengine hata hivyo lugha mbili zingeendelea kukaa pamoja, kama zinavyokaa pamoja mahali pengi. Lakini lilipokuja kanisa, lilikuja na kitabu cha Dholuo. Ilipokuja shule, ilikuja na kitabu cha Dholuo. Mtoto wa Kisuba alifundishwa kusoma kwa lugha ambayo wakubwa waliihesabu kuwa ndiyo ya nchi yake, na ile ya babu yake ikabaki ya kusemea na wazee.

Hakuna aliyetunga sheria ya kuiua lugha ya Kisuba. Hakuna aliyeichukia. Ilisahauliwa tu wakati wa kuchagua, nako kusahauliwa kukatosha. Tom Mboya, aliyezaliwa mwaka 1930 na ambaye kaburi lake liko Rusinga, alijulikana duniani kote kuwa kiongozi wa Waluo. Ni wachache waliokumbuka kwamba ukoo wake ulikuwa wa Kisuba.

Katika miaka ya 1980 Okoth Okombo na mwenzake Mjerumani, Franz Rottland, walikwenda kuchunguza jambo hili. Walilolikuta lilikuwa la kushangaza. Watu waliojiita Wasuba na kuona fahari kwa jina hilo walikuwa wakiongezeka, na papo hapo watu walioweza kuisema lugha ya Kisuba walikuwa wakipungua. Jina lilikuwa likikua na ulimi ukififia. Makala yao ya mwaka 1992 juu ya jambo hilo ilisomwa na wataalamu wa nchi nyingi, na wasomi wa Maseno wameuendeleza uchunguzi huo. Baadaye lugha hiyo ikapata maandishi, na vitabu vya kusomea vikatungwa. Katika kisiwa cha Mfangano kumeanzishwa hata kituo cha redio kiitwacho Ekialo Kiona, jina la Kisuba maana yake "dunia nzima". Je, jitihada hizi zitatosha? Kitabu na redio ni msaada, lakini lugha huishi penye mama na mtoto. Mtoto asiposemeshwa jikoni, mwalimu hawezi kumrudishia darasani kila alichonyimwa. Samaki mkunje angali mbichi.

Kisa cha Wasuba chaonyesha wazi kwa nini elimu hii haina budi kuwako karibu na watu wenyewe. Katika mwaka 1991 Maseno, mahali palipokuwa na chuo cha walimu cha Siriba, pakawa na chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi, na mwaka 2001 kikawa chuo kikuu kamili. Mahali ambapo wamisheni walitafuta herufi za kuandika Dholuo, sasa watoto wa nchi huandika tasnifu juu ya lugha zao wenyewe. Mwanafunzi wa uzamili hufundishwa kwanza njia za uchunguzi, kisha huchagua swali moja dogo na kwenda kulitafutia jibu: jinsi walimu wa darasa la kwanza wanavyochanganya lugha, au jinsi wauguzi wanavyoelewana na wagonjwa, au majina ya samaki vijijini. Wa uzamivu huenda mbali zaidi. Neno lenyewe uzamivu latokana na kuzama, nalo lafaa sana kwa watu wa ziwani: aliye juu ya maji huona mawimbi, aliyezama ndiye ajuaye kilichomo chini.

Wala elimu hii haiishii kwa lugha za kinywa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 shule za watoto viziwi zilifunguliwa magharibi ya Kenya, nazo zilikuwa za Nyang'oma na Mumias. Watoto hao walipokutana walisemezana kwa mikono, na kwa muda mrefu watu walidhani hizo ni ishara tupu zisizo na mpango. Wataalamu wa isimu, Okoth Okombo akiwamo, walizichunguza wakaonyesha kwamba ni lugha kamili yenye sarufi yake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ikaitambua Lugha ya Ishara, hata ikaifanya kuwa moja ya lugha 3 za Bunge. Katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha 7, iliagiza serikali kuzilinda na kuziendeleza lugha za watu wa Kenya. Na mtaala ulioanza kutumika nchini kote mwaka 2019 uliirudisha lugha ya eneo la shule katika madarasa ya chini. Mambo haya yanamhitaji mwenye ujuzi. Sheria yaweza kuagiza kwamba mtoto wa Mfangano afundishwe kwa Kisuba. Lakini nani atakitunga kitabu, na nani atamfundisha mwalimu?

Sasa waweza kumjibu yule aulizaye kwamba kwani mtu hajifunzi kusema nyumbani kwao. Naam, hujifunza kwao, kama vile mtu hupumua tangu kuzaliwa kwake. Lakini apatapo ugonjwa wa pumzi humwendea aliyesomea mapafu. Lugha nazo hupatwa na magonjwa, na watoto huumia kwa ajili yake bila kutoka damu.

Wewe usomaye ukurasa huu huenda ukawa mwalimu, au mzazi, au mjumbe wa tume itakayoamua watoto wasome kwa lugha gani. Huna haja ya kungoja shahada ndipo uanze. Ukirudi nyumbani wakati wa likizo, keti na bibi yako. Mwombe akutajie majina ya pepo za ziwani, ya sehemu za mtumbwi, ya mimea ya dawa, nawe uyaandike kwa uangalifu katika daftari. Utakuta kwamba mengine huyajui, na kwamba hata baba yako hayajui. Hapo utakuwa umeifikia mwenyewe ile haja iliyowafanya watu wa kando ya ziwa kuanza elimu hii, na daftari lako litakuwa ukurasa wake wa kwanza.